Mwisho Uliotafunwa na Mashine

Kama ukurasa wa wiki jana ulifungiwa mandazi kabla hujausoma, pole sana, lakini sirudi nyuma zaidi ya hatua moja. Tulimwacha Syokau ofisini Hurlingham, Jumapili, saa nane kasorobo mchana, mkono kifuani, akitazama mwanamke wa Kimarekani akimkorogea mumewe unga mweupe ndani ya kikombe cha chai.

"Anamwekea nini?" Syokau aliuliza.

"Sumu," alijibu Debra, akitafuna karanga. Debra ni rafiki yake wa upande wa televisheni, ndiye anayepanga filamu za Jumapili, na alikuwa akimwonyesha ya leo kabla haijarushwa. "Anamuua huyu, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wueh, filamu tamu! Na si wewe ndiye uliambia Kenya nzima itazame?"

Ndiye yeye, tena kwa jina na picha. Kila Ijumaa Syokau Muasya huandika gazetini safu ya kuwashauri watu ni filamu gani ya kale ya Hollywood wasiikose kwenye televisheni wikendi hiyo. Na Ijumaa hii, kuhusu filamu moja ya nyeusi na nyeupe iitwayo Mjane wa Stesheni, aliandika hivi, soma mwenyewe:

"Hii ni filamu safi kabisa. Mke mwema anawauguza waume watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila akifiwa anazidi kumcha Mungu. Jumapili, saa kumi. Itazame na mama mkwe wako."

Mama mkwe! Hata mimi ninayesimulia nilishika kichwa.

Maana mama mkwe yupo. Anaitwa Waceke, anaishi Satellite, ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na mwanawe Mungai ndiye anayetaka kumwoa Syokau. Mwaka mzima Waceke alikuwa amekaza uso. Msichana wa magazeti, alisema, atapika saa ngapi? Kisha akaanza kuisoma ile safu, na uso ukalegea kidogo kidogo, mpaka siku ikapangwa: Jumamosi ijayo yeye na mumewe Kihara wapeleke wazee Machakos, kwa kina Syokau, kuanza mambo ya mahari. Na kwa Kihara, Waceke asipofunga kilemba hakuna mzee anayewasha gari.

"Leo asubuhi ameikata makala yangu akaisoma kanisani," Syokau alisema. "Wakati wa matangazo, baada ya harambee ya paa. Amealika akina mama ishirini waje kwake saa kumi waone mfano wa mke mwema."

Debra aliacha kutafuna.

"Syokau. Kwani hii kitu hukuiona kabla ya kuandika?"

"Nimeiona mara hamsini!"

"Wapi?"

"Kwa video ya baba."

Hapo ndipo palipoharibika. Baba yake, Mzee Muasya, alikuwa na ukumbi wa video Kawangware enzi hizo. Spika zilikoroma, Wamarekani waliongea kwa pua, na watu walitaka kuelewa walicholipia. Basi Muasya akazima sauti, akasimama kando ya televisheni na maikrofoni, akawa anawasimulia kwa Kiswahili. Shida ni kwamba benchi za mbele zilijaa watoto, na mama zao walishaapa kuufunga ukumbi siku watakaposikia mabaya yakionyeshwa. Kwa hivyo mdomoni mwa Muasya jambazi alikuwa mkusanya kodi, wiski ilikuwa dawa ya kikohozi, na sumu ilikuwa glukosi.

Syokau alikulia kwenye benchi hizo. Filamu nyingine zote alizitazama upya ukubwani kabla ya kuziandikia. Hii moja, aliyoipenda kuliko zote, hakuona haja.

"Badilisha," alimwambia Debra. "Weka yoyote. Weka ya ng'ombe."

"Siwezi. Tangazo limepita wiki nzima na kuna mdhamini."

"Mdhamini nani?"

Debra alizitazama karanga zake. "Kampuni ya majani chai."

Mungai alikuwa akimngoja nje barabarani ndani ya Vitz yake, akila samosa. Ni kijana mtulivu huyu, hata nyumba ikishika moto atauliza kwanza kama kuna mtu amekula. Syokau alimweleza yote kwa pumzi moja.

"Tumpigie mathe," alisema Mungai, akimtafuta mama yake kwenye simu.

Alipiga. Mteja hapatikani.

"Akiwa na kikundi huwa anazima simu," Mungai alieleza. "Za wageni anakusanya kwa beseni, anafunika."

"Tuzime stima."

"Ana sola."

"Mungai!"

"Basi tumwambie ukweli tu."

Syokau alimgeukia. "Umwambie mama yako, mbele ya akina mama ishirini, kwamba leo asubuhi amesimama kanisani akamsifu muuaji?"

Samosa ilishuka bila kutafunwa. "Wewe unasema tufanye nini?"

"Twende Ngara. Kwa baba."

Mzee Muasya aliacha video zamani, sasa ana kibanda Ngara anauza remote. Remote ya televisheni yoyote, hata zile ambazo waliozitengeneza walishasahau. Walimkuta amevaa kofia yake ya sufu, anatafuna tangawizi.

"Mjane wa Stesheni!" Uso wake wote ulichangamka. "Ile ya mke mwema!"

"Baba, si mwema! Ni muuaji!"

"Najua," alisema mzee bila haraka. "Ulidhani mimi sina macho?"

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa na miaka saba, Syokau. Ningekwambia lini? Siku ya kufuzu chuo, mbele ya wageni?"

Syokau alitaka kukasirika, akakosa nafasi. Saa tisa ilikuwa imeshapita. Alimwambia anachotaka: aje Satellite, azime sauti, asimulie kama zamani, akina mama waende nyumbani wakijua wamemwona mke mwema.

Mzee alitikisa kichwa.

"Haiwezekani. Mimi ni baba wa msichana. Baba wa msichana haingii kwa wakwe kabla wao hawajaja kwake. Nikionekana huko leo itasemwa nimechoka nawe, nimekupeleka mwenyewe. Wazee wa kwetu watanitoza mbuzi, na wakwe watacheka mpaka Krismasi."

"Lakini wameshawahi kukuona?" Mungai aliuliza.

"Hata picha hawana."

"Basi wewe si baba. Wewe ni fundi wa televisheni."

Mzee Muasya alitazama remote zake zilizoning'inia. Nikuambie kitu, msomaji: mtu aliyewahi kushika maikrofoni haponi. Alianza kuchagua remote na kuzitia mfukoni, moja, mbili, sita.

"Masharti mawili," alisema. "Kwanza, mnitafutie kitu cha kushika. Siwezi kusimulia mkono mtupu. Pili, mtu asiniite baba."

Saa tisa na dakika hamsini walikuwa Satellite.

"Umekuja, mke mwema!" Waceke alimkumbatia Syokau langoni kwa nguvu ambayo hakuwahi kumkumbatia nayo mwaka mzima. Syokau alisikia vibaya moyoni. Alikuwa ameungoja mkumbatio huo, na sasa ulipokuja ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, wa yule wa gazetini.

Sebule ilikuwa imejaa. Akina mama ishirini kwenye viti vya plastiki, chai ya maziwa, chapati, na vitambaa vya kushona kwa mkono kila mahali macho yalipotua: kwenye makochi, kwenye friji, kwenye redio, na kimoja kirefu cha maua mekundu juu ya televisheni. Mbele kabisa aliketi Mwalimu Stellah, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na tano. Alikuwa na miwani na daftari.

"Nimekuja kuchukua mafunzo," alisema, akifungua kalamu.

"Baba Mungai ametoka kidogo," Waceke aliwaambia wageni. "Ameenda na Mzee Kibe kuangalia gari la Jumamosi." Wote walimfahamu Kibe. Ni rafiki wa Kihara wa miaka mingi, hakuwahi kuoa, ana Peugeot ya zamani anayoipangusa kila asubuhi, na ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wao huko Machakos, kwa maana anajua kuongea na anajua barabara.

"Mum, nimekuja na fundi," alisema Mungai. "Hii chaneli inasumbuanga sauti."

Mzee Muasya aliinama nyuma ya televisheni, akakohoa kifundi, na mkono wake ulio mfukoni ukabonyeza. Sauti ikakatika. Remote ya Waceke yenyewe, iliyokuwa mezani, nayo ikaingia mfukoni kwa bahati mbaya.

"Sauti imekufa, mama," alisema. "Picha iko."

"Woi!" Sebule nzima iliguna. "Na vile tumetoka mbali!"

"Lakini hii filamu mimi naijua. Naweza kuwaelezea inavyoenda."

"Kwa Kiswahili?" aliuliza mama mmoja wa nyuma.

"Kwa Kiswahili cha kueleweka."

"Si hata ni afadhali!"

Waceke alifikiri kidogo, akakubali, na fundi alipoomba kitu cha kushika mkononi akapewa mwiko wa ugali. Akaupima uzito. Akasimama wima. Filamu ikaanza, na chini ya picha, kwa herufi kubwa nyeupe, maneno ya Kiingereza yakaanza kupita.

Maandishi! Hakuna aliyeyafikiria maandishi. Mwalimu Stellah alishasogeza miwani.

Syokau aliruka. "Mama, hiki kitambaa! Aki kizuri hivi kinafichwa huko juu?" Akakivuta kikashuka mbele ya televisheni, maua mekundu yakafunika herufi zote, akakiwekea gilasi mbili juu kukishikilia.

Waceke alitabasamu. Alikishona miezi mitatu na hakuna aliyewahi kukisema.

"Lakini kimeziba maneno," alisema Stellah.

"Maneno ya nini, Mwalimu, na fundi yupo?"

Hapo mzee akafungua kinywa.

"Wapendwa watazamajiii!"

Haikuwa sauti ya muuza remote wa Ngara. Ilikuwa nene, inaviringika, inafika mpaka jikoni. Syokau alisisimka mwili. Alikuwa na miaka saba tena, amekaa kwenye benchi na pakiti ya njugu, na baba yake ndiye aliyejua kila kitu duniani.

"Huyu mama anaitwa Rozi. Rozi anampenda Mungu, na anampenda mume wake. Lakini mume ana presha! Ona Rozi anavyomwekea glukosi kwa chai!"

"Mke ndio huyo!" alisema mmoja.

Mume akanywa. Akashika koo. Akatoa macho, akaanguka pamoja na kiti.

"Presha imepanda," Muasya alisema kwa huzuni kubwa. "Glukosi imechelewa."

"Woi, Rozi maskini!" Leso zilianza kutoka.

Filamu ikakatwa na tangazo. Familia yenye meno meupe ilikuwa inainua vikombe vya chai na kucheka. Muasya hakutetereka hata kidogo.

"Na hawa ni jamaa za marehemu. Wamekuja kutoa pole."

"Mbona wanacheka?"

"Ni ukoo wa baba," alisema, na akina mama wakaitikia kwa kichwa, wakaelewa kabisa.

Mume wa pili akaja, mrefu, nywele za mafuta. Alimshika Rozi kiuno, akamwinamia usoni, na pale pale kila jicho sebuleni likapata jambo la kutazama kwenye dari.

"Rozi ameingiwa na vumbi jichoni," fundi alitangaza haraka. "Huyu bwana ni daktari wa macho. Anampuliza."

Walibaki vile. Waliendelea kubaki vile.

"Vumbi ni jingi," akaongeza.

Daktari wa macho naye akanywa chai yake, akaanguka kwenye zulia.

"Huyu alikuwa na ugonjwa wa sukari."

Kalamu ya Mwalimu Stellah ilisimama. "Samahani, fundi. Mtu ana sukari, anapewa glukosi?"

Syokau alifumba macho. Mungai aliweka chini chapati, jambo ambalo mimi sijawahi kuliona.

"Mwalimu," alisema Muasya bila kugeuka, "ndiyo maana amekufa."

"Aaa," alisema Stellah, akaandika.

Ilikwenda hivyo saa nzima. Mume wa tatu alikuwa na presha na sukari pamoja, huyo hakuchukua muda. Mpelelezi wa koti refu aliyemfuata Rozi na kijitabu alikuwa mchungaji anayeandika maombi yake. Akina mama walilia, walicheka, wakaongezewa chai, wakaitazama kidogo kabla ya kunywa, wakanywa. Waceke alimshika Syokau mkono akaubana.

"Umetuletea kitu," alimnong'oneza. "Jumamosi nitaongea mwenyewe kwenu. Nitawaambia watu wa Machakos wamelea."

Dakika kumi zimebaki, Syokau alijiambia. Dakika kumi tu, Mungu wangu, na nitatazama kila filamu mpaka mwisho maisha yangu yote.

Treni ikaingia stesheni, moshi tele. Rozi akatokea kwenye ngazi na sanduku lake. Chini walikuwa wamesimama wanaume wawili, mmoja ameegemea gari linalong'aa, mwingine ana mzigo begani.

Mzee Muasya akainua mwiko, akavuta pumzi.

Akanyamaza.

Sekunde mbili. Sekunde tano. Mwiko uko hewani.

"Baba, endelea!" Syokau alinong'ona.

Kunong'ona gani huko na watu wote wamenyamaza? Vichwa ishirini viligeuka.

"Baba?" alisema Waceke. "Baba nani?"

Mzee alivua kofia. "Ni mimi, mama. Mimi ndiye Muasya. Mkwe wako wa Jumamosi."

Vikombe vilishuka mezani vyote kwa pamoja. Mkwe! Hajaitwa, hajatangazwa, amesimama katikati ya sebule ya watu na mwiko wa ugali! Mama mmoja alivuta leso akajifunika kichwa kwa heshima. Mwalimu Stellah yeye aliinuka moja kwa moja hadi kwenye televisheni, akakiinua kile kitambaa, akasoma.

"Polisi! Huyu mchungaji ni polisi! Mimi nilijua tu! Glukosi gani hiyo inazika watu watatu?"

Sebule ililipuka. Kila mtu alisema lake. Syokau alisimama, machozi yanamlengalenga, akijua harusi imekwenda na anayepaswa kuisindikiza ni yeye.

"Mama, kosa ni langu," alisema. "Niliandika bila kutazama. Baba hakutaka kuja. Amekuja kunifichia aibu, na mimi nilikuwa naogopa utanikataa tena."

Waceke hakumtazama. Alikuwa anamtazama mzee, na uso wake ulikuwa wa ajabu.

"Mbona umenyamaza hapo?" alimuuliza. "Hapo hasa. Kwenye treni."

"Mbele ya hapo mimi sijui, mama. Kanda yangu ilitafunwa na mashine. Ikifika hapa skrini inakuwa giza. Dakika kumi za mwisho nilikuwa natunga tu, watu hawaoni kitu. Huu mwisho sijawahi kuuona hata mimi."

Waceke aliketi taratibu. "Kawangware. Nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Mlango wa bluu."

"Umejuaje?"

"Mwaka wa themanini na sita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa." Alisahau kwamba kuna watu. "Nilikuwa na wawili wananitaka. Mmoja alikuwa na gari. Mwingine alikuwa na baiskeli na gunia la kabichi. Nilikuwa nimeamua mwenye gari. Tulipatana anichukue kesho yake Dagoretti Corner, pale kwenye pampu za mafuta, tutoroke Nakuru. Nikaingia video nipoteze wakati. Skrini ikazima, na hii sauti, hii hapa, ikasema kwenye giza kwamba Rozi alimpita mwenye gari akamshika mkono mwenye mzigo, kwa sababu mwenye mzigo ndiye aliyesogea kumpokea sanduku."

"Nilisema hivyo?" Muasya aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nililia mpaka nyumbani. Kesho yake sikwenda Dagoretti Corner. Nilienda kwa kabichi."

Mungai alikuwa anahesabu kitu kwa vidole.

"Kwa hivyo," alisema polepole, "mimi nimezaliwa kwa sababu kanda ilitafunwa?"

"Miaka karibu arobaini nimeishi na mwisho uliotungwa na muuza remote!" Waceke aliinuka. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa mkwe wake, heshima au hakuna, akatoa remote tatu, akaitambua yake. "Leo nauona wa kweli. Nijue kama nilifanya sawa."

Akabonyeza. Honi ya treni ikajaa nyumba nzima. Kwenye picha Rozi aliweka mguu mmoja chini. Mwenye gari akaondoa kofia. Mwenye mzigo akainua macho.

"Dagoretti Corner?"

Sauti hiyo haikutoka kwenye televisheni. Ilitoka mlangoni.

Wazee wawili walikuwa wamesimama hapo, na hakuna aliyejua wamesimama tangu saa ngapi. Wa mbele alikuwa Kihara, mume wa Waceke, amekumbatia kabichi mbili za chakula cha jioni. Nyuma yake alikuwa Mzee Kibe, funguo za Peugeot mkononi, na ndiye aliyeongea.

"Nilikaa hapo mpaka wakafunga pampu," Kibe alisema. "Nilidhani ni mvua."

Kihara aligeuka taratibu akamtazama rafiki yake wa miaka arobaini.

"Ulikaa wapi," aliuliza, "ukimngoja nani?"

Kibe alitazama viatu vyake. Waceke alitazama remote. Akina mama wote ishirini walikuwa wamegeuza viti kuelekea mlangoni, na Mwalimu Stellah naye, na Syokau naye. Ni muziki uliowashtua. Walipoangalia nyuma, televisheni ilikuwa inaonyesha ile familia yenye meno meupe ikiinua vikombe.

"Haiya! Imeisha!" Stellah alipiga kelele. "Nani ameona mwisho?"

Hakuna aliyeuona.

Mzee Kibe aliweka funguo mezani, juu ya kitambaa. "Jumamosi mtafute msemaji mwingine," alisema.

"Jumamosi gani?" alisema Kihara. "Hakuna Jumamosi."

Syokau alitafuta mkono wa Mungai akaushika kwa nguvu, na Mungai, kijana mtulivu, akaubana wake zaidi.

Ni Waceke aliyesogea. Aliokota mwiko ulioanguka zuliani, akaupangusa kwa kanga yake, akamrudishia Mzee Muasya mkononi, akavikunja vidole vyake juu ya mpini.

"Wewe ndiye uliyeanzisha hii kitu," alimwambia. "Ulinitungia mwisho nikauamini, nikazaa nao watoto. Sasa tunga na huu. Watu wote wapo, na hakuna giza."

Mzee Muasya alimtazama binti yake. Akamtazama Kibe. Akafungua kinywa, na ile sauti nene haikutoka.

Kihara alivuta kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya mkwe wake, karibu magoti yagusane, akaketi na zile kabichi mbili mapajani.

"Haya, fundi," alisema. "Mwenye mzigo anafanya nini?"